Sura ya Tisa: Nyuzi Nne kwenye Ufito

Kitendawili hiki nakutegea wewe uliyeshika kitabu, na usimchungulie jirani: wamesimama ndani ya maji tangu asubuhi, kila anayepita wanamwinamia kichwa kwa adabu, na kila waliyemwinamia huchelewa safari yake. Ni akina nani?

Fikiri taratibu, hakuna anayekufukuza. Inspekta naye alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, hata kituoni wakampa jina la Mama Taratibu, ingawa aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake alikuwa koplo wake tu, mzee aliyebakiza miezi minne astaafu na kwa hiyo haogopi mtu wala cheo. Siku hiyo ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, wawili hao walikuwa wamesimama juu ya lango la mfereji wakitazama maji yanavyopita chini ya miguu yao, na koplo ameshika reli kwa mikono miwili kwa sababu maji na yeye hawajawahi kupatana.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatano mchana maji ya mfereji yalipanda juu ya tuta, yakamwagika kwenye uwanja wa fundi matofali, yakazirudisha tofali mbichi elfu nne kuwa tope, yakaulaza ukuta wa banda, na ukuta ukamlalia fundi mwenyewe. Nyonga ilivunjika. Yuko hospitali, amefungwa kama mzigo, na daktari hajasema kama atatembea tena.

Jioni ile ile akakamatwa mlinzi wa lango. Kilichomfunga ni kitabu chake mwenyewe. Kila asubuhi alisoma kipimo kilichochorwa kwenye nguzo chini ya lango, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule: Jumatatu sentimita sitini, Jumanne sabini na moja, Jumatano tisini na mbili. Mkuu wa kituo akasema maji yamezidi kwa sababu lango limezidishwa kufunguliwa, na mwenye ufunguo wa lango ni mmoja. Sababu nayo ilikuwepo, tena yenye viungo vyote: wivu. Mkewe ndiye anayesafisha kipande cha juu cha mfereji, kinachopita mbele ya uwanja wa matofali, na palisemwa kwamba yeye na fundi wamezoeana, wanachekeana, fundi amemjengea hata jiwe la kukalia. Mkuu wa kituo alilipenda jambo hilo kama mtu apendavyo kiatu kinachomkaa. Saa nane mchana gari la mahabusu lingempeleka mlinzi mahakamani, na shtaka lilikwisha kuandikwa.

"Mume mwenye wivu hafungui maji, afande," koplo alisema. "Hufungua mdomo."

Inspekta alikuwa amepiga magoti mbele ya parafujo la lango, chuma kirefu chenye meno, kinachopandishwa kwa kuzungusha usukani. Mlinzi alishikilia tangu Jumatano kwamba alizungusha mara kumi na mbili, kama kila siku ya msimu huu, na kila mzunguko hupandisha jino moja. Inspekta akahesabu kwa kidole meno yaliyong'aa grisi. Akarudia. Akamwambia koplo naye ahesabu. Yalikuwa kumi na mawili. Jino la kumi na tatu, lililokuwa bado chini ya usukani, lilikuwa kavu, lina kutu, na buibui amejenga juu yake nyumba ambayo haikuwa ya jana wala ya juzi.

"Huyu hakuhama Jumatano," Inspekta akasema.

Wakateremka hadi daraja la chini, mwendo wa dakika arobaini, ambako msimamizi wa mfereji aliwangoja na penseli sikioni. Msimamizi alikuwa mwembamba kama fimbo yake ya kupimia, na alijibu kila swali kwa kufungua kitabu, hata alipoulizwa kama amekunywa chai. Kipimo chake cha daraja la chini kilisema kwamba Jumatano asubuhi maji yalikuwa kama ya Jumatatu, pungufu ya vidole viwili. Inspekta akamtaka arudie, naye akarudia.

Hapo ndipo alipokaa kwenye ukingo wa daraja, akavua viatu, akawaza kwa sauti, maana hiyo ndiyo desturi yake. Kama juu yangeongezwa maji, na chini yangeongezeka. Maji hayana mfuko wa kujifichia. Kule juu yamesimama marefu, huku chini ni yale yale. Basi si kwamba yalikuwa mengi. Yalikuwa marefu tu. Na kitu kinachofanya maji yawe marefu bila kuwa mengi ni kitu kinachoyashika miguu.

"Kipande cha juu ulikikagua lini mara ya mwisho?"

Msimamizi akafungua kitabu. Jumamosi. Palikuwa safi, mchanga mweupe unaonekana hadi chini, na ndiyo maana wafanyakazi wa mfereji walimwita mke wa mlinzi Bibi Kioo. Kwa miezi saba hakuna kipande kilichosifiwa kama chake. Alimsifu mbele ya wote, kila Jumamosi, ili wengine waige.

"Na wengine waliiga?"

"Wengine walinuna," msimamizi akasema, na kwa mara ya kwanza hakutazama kitabu.

Waliporudi juu, msimamizi akiwafuata, Inspekta alikata ufito mrefu, akatoa kwenye mkoba uzi mwekundu wa sufu, akafunga vipande vinne kwa kupishana: kimoja karibu na kilele, kimoja chini yake, cha tatu chini zaidi, cha nne karibu na ncha ya kuchomeka. Koplo akauliza kama sasa wanavua samaki. Akaambiwa avue viatu.

Kwanza ufito ulichomekwa karibu na lango, mahali penye mchanga mtupu. Nyuzi zote nne zilinyooka kuelekea maji yaendako, ule wa chini kwa uvivu kidogo, lakini zote upande mmoja, kama watu wa nyumba moja wanaopatana. Halafu wakasogea hatua mia, mkabala na uwanja wa matofali, na pale Inspekta akasimama.

Chini ya maji palikuwa na watu. Ndivyo koplo alivyoapa baadaye. Mamia ya vichwa vya kijani, virefu kama mkono hadi kwenye kiwiko, vimesimama na kuinama pamoja, vikainuka, vikainama tena, na wimbi la kuinama likipita juu yao toka huku hadi kule kama salamu inayopokezanwa. Na wewe, kama hujategua bado, basi jibu ndilo hili: magugu ya majini.

Ufito ukachomekwa katikati yao. Uzi wa juu kabisa ulinyooka vikali kuliko ulivyonyooka kule kwenye mchanga. Wa pili, uliokaa sawa na vichwa vya magugu, haukujua uende wapi: ulizunguka, ukatetemeka, ukajikunja, ukapiga chini na juu. Wa tatu na wa nne, zilizokuwa ndani ya magugu, zilining'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Msimamizi akaeleza kwa unyonge, maana alishaona kosa linamjia. Magugu yakijaa chini, alisema, maji ya chini hulala, na ya juu hulazimika kukimbia badala ya wote. Pale mkimbiaji anapomkwaruza aliyelala, maji huviringika na kujipiga yenyewe, na nguvu yote huishia kwenye ugomvi huo. Maji yanayofuata nyuma hayajui habari hizo, yanakuja tu kwa mwendo ule ule. Yanakuta wenzao wamekwama, na kwa kuwa hayana pa kwenda, yanapanda. Na majani yanayoelea yakishanasa juu ya magugu, maji hupanda mara mbili.

"Magugu ya namna hii huchukua muda gani kukua?"

"Wiki sita. Saba."

"Nawe Jumamosi uliona mchanga."

"Niliona mchanga, afande. Naapa."

Basi koplo akaingizwa majini hadi kiunoni, analalamika, anataja idadi ya miezi iliyobaki kabla ya pensheni yake, akaambiwa ang'oe gugu moja. Alijiandaa kuvuta kwa nguvu, nusura aanguke chali, maana lilikuja bila ubishi. Mizizi ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha tofali kwa utepe wa gunia. Tope lililoshika mizizi lilikuwa jeusi, la kunata, ilhali chini ya miguu ya koplo palikuwa na mchanga mweupe. Akang'oa la pili. La tatu. Yote vivyo hivyo.

"Afande," koplo akasema, na sasa aliacha kulalamika. "Hawa wamekaa kwa mstari."

Inspekta alikuwa ameshaona. Toka juu ya tuta, jua likiwa limepanda, ilionekana wazi kabisa: mstari, halafu mstari mwingine uliokaa kwenye nafasi za ule wa kwanza, halafu mwingine tena, hatua thelathini za namna hiyo. Ndivyo watu wanavyopandikiza miche ya bustani, ili kila mche upate nafasi yake na ardhi isipotee. Gugu likijiotea halijui habari za mstari. Na mtu anayetaka kuziba mfereji kwa ubaya angetupa mawe na magunia, amalize. Huyu alipanda. Mkono wake ulifanya kazi mbaya kwa namna pekee unayoijua, kwa unadhifu. Tena bila kujua, alikuwa amechagua mpango mbaya kuliko yote kwa maji, maana kila tone lililopenya kati ya mashina mawili lilikutana na la tatu usoni.

Inspekta alilaza uzi kati ya shina na shina, akaupiga fundo.

Mke wa mlinzi waliyemwita Bibi Kioo alikuwa amekaa kwenye lile jiwe lenye sifa mbaya, mtoto wa miezi mitatu kifuani. Jiwe lenyewe lilikuwa tofali nne zilizopangwa. Alieleza, bila kuulizwa mara mbili, kwamba fundi alizipanga yeye alipokuwa na mimba kubwa, akamwambia anafanana na binti yake aliyeolewa mbali. Jumatatu na Jumanne saa sita hadi saa nane alikuwa nyumbani kumlaza mtoto, kama kila siku. Jumatano mtoto alishikwa na homa, hakuja kabisa hadi aliposikia mayowe. Hakuyaona magugu, maana siku hizo mbili alikuwa akisafisha upande wa langoni. Angeyaona angeyang'oa.

Inspekta akamwuliza kama amewahi kulima bustani.

Yule mwanamke akacheka, na kicheko kilikuwa cha mtu aliyechoka. "Mimi hata mchicha umenishinda, afande. Mwenye mkono ni wifi yangu. Kila akichomekacho kinashika."

Akasimulia bila hila, kwa kuwa hakujua anapoelekea. Wifi huyo ni dada mkubwa wa mlinzi. Mama yao alifariki mlinzi akiwa na miaka sita, dada akamlea, akamsomesha, akamtafutia kazi ya lango. Miaka kumi na mmoja kipande cha juu kilikuwa cha dada. Saa nne alipanda langoni na birika, wakanywa chai wawili, kaka akimsomea kipimo kama mtoto anayeonyesha daftari. Kisha mlinzi akaoa. Mke alipopata mimba, mlinzi akamwomba msimamizi awabadilishie vipande, mkewe awe karibu na lango asitembee mwendo mrefu, na dada ateremke kipande cha chini.

"Mligombana?"

"Hatujagombana hata siku moja. Ananisalimia vizuri." Alifikiri kidogo. "Ananisalimia vizuri mno."

Njiani kurudi mjini walipitia kipande cha chini. Pembeni ya tuta dada alikuwa na kitalu cha vitunguu, kimepandwa kwa mistari ya kupishana, hakuna hata mche mmoja uliokosa adabu. Inspekta alilaza uzi wake. Fundo lilikaa juu ya mche kama lilikuwa limepangiwa. Na ndani ya mfereji, mkabala na kitalu, palikuwa na tope jeusi lenye mashimo madogo madogo mengi, kama fizi zilizong'olewa meno.

Kituoni, benchi la nje lilikuwa na wanawake wawili waliokaa mwisho huku na mwisho kule, kila mmoja na bakuli lake la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Mke alikuwa ameletwa na pikipiki, amewatangulia. Dada alikuwepo tangu asubuhi. Askari wa zamu akawaambia kwamba tangu Jumatano ilikuwa hivyo: mahabusu alikula vijiko vitatu toka huku na vijiko vitatu toka kule, akavifunika vyote, akasema ameshiba.

Mkuu wa kituo alisikiliza habari za meno ya parafujo na nyuzi nne, akatikisa kichwa, akakubali kwa shida kuvua kiatu kimoja avae kingine. Kama ni magugu, alisema, basi kipande kina mwenyewe. Magugu ya kipande chake ni magugu yake. Ameacha kazi siku tatu, mtu amevunjika nyonga. Gari la saa nane halitaondoka tupu. Inspekta akaangalia saa ya ukutani. Saa saba na dakika ishirini.

"Nipe nusu saa na chumba cha nyuma," akasema.

Dada aliingia akiwa amesimama wima, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwenye mikono mirefu iliyokauka kwa maji. Koplo alikaa pembeni na karatasi. Inspekta alianza na maelezo ya Jumatano mchana, yaliyoandikwa na koplo mwenyewe palepale kwenye matofali. Nani aliyewaambia polisi kwamba Bibi Kioo amezoeana na fundi? Dada akasema yeye. Alisema alichokiona. Inspekta akamwuliza kama alijua neno hilo litakwenda kumshika nani. Neno lilitupwa limpate mke, likazunguka nyumba, likampata kaka. Msumeno hukata mbele na nyuma.

"Niwekee mkono mezani," Inspekta akasema. "Nipimie shubiri."

"Ya nini?"

"Nimeambiwa una mkono unaoshika. Nataka kuuona."

Dada akaweka mkono, kwanza kwa mashaka. Inspekta akalaza uzi kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, mara moja, mara ya pili. Fundo likafika.

"Uzi huu nimeupima mara mbili leo, dada yangu. Mara moja kwenye vitunguu vyako. Mara nyingine hapakuwa nchi kavu."

"Wanawake wenye mkono kama huu ni wengi."

"Ni wengi. Ndiyo maana uzi peke yake sitaupeleka mahakamani. Tope jeusi nalo watasema liko pengi." Inspekta alikunja uzi, akauweka katikati ya meza. "Kwa hiyo nitakuambia hali ilivyo, nawe uamue. Kaka yako anatoka sasa hivi. Ushahidi wa lango umemtoa. Gari linaondoka saa nane, lina nafasi moja, na mkuu wangu ameshaamua atakayekaa ni wifi yako. Ukinyamaza, ndivyo itakavyokuwa."

Dada alitazama dirishani. Nje mke wa kaka yake alikuwa amegeukia ukuta, anamnyonyesha mtoto.

"Yule mtoto ataachiwa nani?"

"Kaka yako ana dada mmoja tu," Inspekta akasema. "Ataachiwa wewe. Na kipande cha juu kitakuwa kitupu, msimamizi atakurudisha. Na saa nne kutakuwa na birika. Kila kitu kiko mezani. Huhitaji kufanya lolote. Nyamaza tu."

Koplo aliacha hata kukuna ndevu. Mikono ya dada ilibaki mezani, vidole vimetanuka vile vile, kama bado anapima.

"Ulitaka nini?" Inspekta akauliza. "Hukutaka fundi aumie. Hukutaka kaka yako afungwe. Umefunga mashina mia sita kwa utepe, moja moja, siku mbili kwenye jua. Mtu hafanyi kazi hiyo bila kujua anataka nini."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika hamsini. Nje dereva wa gari la mahabusu aliwasha injini, akaizima, akaiwasha tena.

Mlango ukafunguliwa. Mlinzi wa lango aliletwa kutia sahihi ya kuachiwa, mkanda wake wa suruali mkononi, ndevu za siku mbili. Alipomwona dada yake uso ulimlegea kwa faraja, akamwamkia kama alivyomwamkia tangu utotoni. Nyuma yake askari wa zamu alichungulia, akasema mkuu anauliza kama amchukue yule mwanamke wa benchini.

"Mwacheni," dada akasema.

Askari akasita. Dada hakumtazama. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya kazi, kwamba magugu alipanda yeye, Jumatatu na Jumanne, saa sita mchana, wifi yake alipokwenda kumlaza mtoto; kwamba aliyatoa kipande chake na kuyapeleka juu kwa mkokoteni wake wa kubebea majani; kwamba hakujua maji yatapanda kiasi kile, maana miaka yote kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuyang'oa, hajawahi hata siku moja kuyaacha yakae aone yanafanya nini. Na kwamba alipotaja jina la fundi aliwaza watamwuliza mke, hakuwaza watamfunga mume. Koplo aliandika yote. Alimsomea, na dada akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa.

Mlinzi alikuwa amekaa chini bila kukaribishwa. Alikuwa akiuzungusha ule mkanda mikononi, mzunguko baada ya mzunguko. Inspekta angeweza kumwambia atoke. Hakumwambia.

"Dada," akasema hatimaye. "Ulitaka nini?"

Dada, aliyeshindwa kumjibu Inspekta swali hilo hilo, aligeuka akamtazama kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Aitwe mvivu," akasema. "Mara moja tu. Na wewe uwepo, usikie."